Mafuta ya Karafuu na Fangasi wa Kinywani



Mafuta ya karafuu yana nguvu, na sayansi inakubali hivyo. Kiini chake, eujenoli, hupasua ngozi nyembamba inayoizunguka seli ya kandida, fangasi wa jamii ya hamira aletaye utando mweupe kinywani. Vilivyomo ndani ya seli huvuja, na fangasi hufa.

Hata hivyo, hayo yameonekana zaidi katika vyombo vya maabara. Kinywa cha mtoto mchanga ni kitu kingine: mafuta halisi huunguza nyama yake laini, na akiyameza yaweza kudhuru ini.

Kwa hiyo, mzazi aonapo utando mweupe usiofutika, asimpake mtoto mafuta hayo, bali amfikishe zahanati. Ipo dawa ya matone, nistatini, inayoishambulia ngozi ile ile ya seli kwa kipimo kinachojulikana. Mama anyonyeshaye naye achunguzwe matiti, wasije wakaambukizana tena. Mtu mzima anayerudiwa na ugonjwa huu apime sukari na VVU.

Karafuu na ibaki katika pilau na chai.