BAKORA NA MOYO WA MTOTO
Uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi katika madrasa zetu

(Mada iliyotolewa katika kikao cha walimu wa madrasa na wazazi, Temeke)

Sifa zote njema ni za Allah (SW), aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ama baad. Ndugu zetu katika imani, wazazi na walimu wenzetu, tumetakiwa tuzungumzie nidhamu ya watoto chuoni. Walioitoa mada hii waliitoa pamoja na lalamiko, nalo ni kwamba watoto wa zama hizi hawasikii, na kwamba mwalimu akiiweka bakora chini kwa dakika tano tu, madrasa hugeuka soko la Tandika siku ya mkesha wa Idi. Lalamiko hilo hatulipuuzi, kwani nasi tunakaa juu ya mkeka huo huo kila alasiri. Lakini kabla ya kumhukumu mtoto, hebu tumtazame anafika kwetu akiwa katika hali gani.

Mtoto wa Mbagala, Chamazi, Yombo au Bunju huamka kabla ya alfajiri. Tangu Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, Januari 2016, shule za pembezoni mwa jiji zimefurika. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini nani kati yetu aliyekiona kiwango hicho huku kwetu? Wengine huingia shule kwa zamu, wengine hutembea masafa marefu kwa sababu makondakta wa daladala hawamtaki abiria wa nauli ya mwanafunzi. Saa kumi alasiri mtoto huyo huvua sare, huvaa kanzu au baibui, na kuja kukaa barazani kwa msikiti pamoja na wenzake sitini au themanini, mbele ya mwalimu mmoja. Wa alifu na wa juzuu ya ishirini wote wamo humo. Pengine hajala tangu asubuhi. Akisinzia, huamshwa kwa fimbo.

Wapo wasemao kwamba hivi ndivyo tulivyosomeshwa sisi, na tumesoma. Hoja hii ina kasoro moja kubwa: wanaoitoa ni wale waliobaki. Waliokimbia hawapo hapa kutoa ushahidi wao. Walimu wote tuliomo humu tunalijua daftari la mahudhurio linavyosema: watoto ni wengi wakiwa na miaka sita, saba na nane, wakifika kumi na mbili, wavulana hasa, hupungua mmoja mmoja mpaka inabaki safu ya mbele peke yake. Tunawakuta vijiweni, na wakituona wanapita upande wa pili wa barabara. Mtu hamkimbii aliyemfundisha herufi, ila humkimbia aliyemuumiza na kumdhalilisha mbele ya wenziwe. Na kijana anayemkwepa mwalimu wake mara nyingi huishia kuukwepa na msikiti anamoswali mwalimu huyo. Hiyo ndiyo hasara tunayoizungumzia leo, wala si suala la kelele darasani.

Sasa tumtazame mwalimu wa walimu (SAW). Imepokewa na Muslim kwamba Muawiya bin al-Hakam as-Sulami (RA) aliingia katika swala ya jamaa, mtu akapiga chafya, naye akamuombea rehema kwa sauti. Watu wakamkodolea macho, naye akazidi kusema. Baada ya swala Mtume (SAW) hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana. Alimueleza tu kwamba swala si mahali pa maneno ya watu. Muawiya akashuhudia kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko huyo, kabla yake wala baada yake. Ndugu zangu, huyu alikosea ndani ya swala. Wetu amekosea irabu.

Iko na habari ya Malik bin al-Huwayrith (RA), iliyo katika Bukhari. Alikuja Madina pamoja na vijana wenziwe wanaokaribiana umri, wakakaa siku ishirini kujifunza dini. Mtume (SAW) akahisi kwamba wameanza kuwatamani watu wao. Aliwauliza wamewaacha nani nyumbani, kisha akawaruhusu warejee, wakawafundishe jamaa zao. Tuizingatie habari hii, kwani aghalabu huitaja katika hukumu za adhana na uimamu, na tukalisahau lile lililo mwanzoni mwake: mwalimu aliyewatazama wanafunzi nyuso zao akaijua shauku iliyomo vifuani kabla hawajaisema. Na Ibn Masud (RA) alipofundishwa tashahhud, kiganja chake kilikuwa kati ya viganja viwili vya Mtume (SAW). Mkono wa mwalimu ulimshika mwanafunzi ili asisahau.

Hapa atainuka mtu atukumbushe hadithi ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwa ajili yake wakifika kumi. Ni haki yake kuuliza, na hadithi hiyo hatuikani wala hatuikwepi. Lakini na tuisome yote. Kati ya miaka saba na kumi ipo miaka mitatu. Swala tano kwa siku, kwa miaka mitatu, ni zaidi ya mara elfu tano za kuamrisha, kuelekeza na kuswali naye kabla fimbo haijatajwa. Ni nani kati yetu aliyemwambia mtoto jambo kwa upole hata mara hamsini? Tena waliosemeshwa hapo ni wazazi, jambo lenyewe ni nguzo ya dini, na umri umewekewa mpaka. Kumchapa mtoto wa miaka sita kwa kuwa hakuitofautisha haa na khaa ni jambo ambalo hadithi hiyo haikulibeba.

Wanazuoni wetu waliliona hili zamani. Ibn Sahnun wa Kairuani, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870 Miladia), aliandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu. Humo aliwekea mapigo ya kumrekebisha mtoto ukomo wa matatu, na akamlazimisha mwalimu kuwafanyia uadilifu mtoto wa tajiri na wa masikini. Ghazali aliuanza wajibu wa mwalimu kwa huruma, awaone wanafunzi kama wanawe wa kuwazaa, na akasisitiza kumzuia mwanafunzi na tabia mbaya kwa ishara kila inapowezekana badala ya kumfedhehesha waziwazi. Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, ana mlango maalumu kuhusu madhara ya ukali kwa wanafunzi: kwamba mtoto anayelelewa kwa mabavu hupoteza uchangamfu, huingia uvivu, kisha hujifunza uongo na hila ili auepuke mkono unaomshukia, mpaka hila ikawa ndiyo tabia yake. Tulipoyasoma hayo kwa Kiarabu huko masomoni tulidhani ni elimu ya historia. Tuliporudi huku tukaona yameandikwa kuhusu Temeke na Kinondoni.

Na sheria ya nchi nayo isemwe. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizotolewa mwaka 1979 na kubadilishwa mwaka 2002, ziliweka ukomo wa viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na adhabu iandikwe daftarini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mateso na adhabu za kikatili kwa mtoto. Haikusema "isipokuwa madrasa". Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, akapigwa, akafa. Machi 2019 Mahakama Kuu ikamtia hatiani mwalimu mmojawapo kwa mauaji. Shuleni angalau kuna daftari na mkuu wa kuulizwa. Chuoni kwetu nani anahesabu? Wako wazazi wanaomkabidhi mwalimu mtoto kwa kusema "nyama yako, mifupa yangu". Mzazi mpendwa, nyama hiyo si yako hata uigawe. Ni amana.

Basi tufanyeje na watoto themanini? Tunasema yale tuliyoyajaribu. Kwanza majina. Mwalimu asiyejua jina la mtoto huita "wewe", na anayeitwa "wewe" hana cha kulinda. Tuliweka azma ya kujifunza majina matano kila siku, na katika muda wa mwezi hivi kelele zilipungua bila ya fimbo kuinuliwa. Pili, mtoto anayechelewa aulizwe sababu kabla ya kuadhibiwa. Alikuwapo mmoja, wa miaka kumi, akichelewa kila siku, na aliyemsomesha kabla yetu alikuwa akimchapa kila siku. Tulipokwenda kwao tukakuta mama yake anauza mihogo jioni naye ndiye anayemshikia mdogo wake mpaka mama arudi. Tulimhamishia darasa la baada ya magharibi, jambo likaisha. Zilitosha dakika ishirini za kutembea kwa miguu.

Zaidi ya hayo, wakubwa wagawiwe wadogo wanne wanne, kwani mtoto aliyekaa dakika arubaini bila kusikilizwa lazima atafute shughuli, nayo huwa ni kumfinya jirani yake. Aliyekosea aitwe kando azungumzwe naye. Tunasema kando, si faraghani: pale wenziwe wanapomuona lakini hawamsikii. Katika hili hatutaki mchezo. Mwalimu asikae na mtoto peke yake chumbani, asimtume nyumbani kwake kufua wala kuchota maji, na mlango wa darasa uwe wazi. Mapenzi ya mwalimu kwa mwanafunzi hayahitaji kificho, na mzazi anayeuliza maswali juu ya hayo asionekane mchokozi.

Limebaki jambo ambalo wenye kamati za misikiti hawapendi kulisikia. Ada ya juma ndiyo inayovunja uhusiano huu kuliko utukutu wowote. Mwalimu hana mshahara. Anategemea sarafu za watoto. Alhamisi inapofika, yule ambaye hakuja na ada husimamishwa, hutajwa, na hurudishwa nyumbani mbele ya wenziwe kwa deni ambalo si lake. Kisha Jumamosi tunamtaka atupende. Mwalimu naye ana watoto na kodi ya chumba, hatumlaumu kwa kuihitaji ada hiyo. Lakini mnaosikiliza hapa mmeweza kuchangia mazulia, vipaza sauti na mapanga-boi. Tunaomba kila kamati, kabla ya Ramadhani ijayo, iteue mtu mmoja mwaminifu wa kukusanya ada kutoka kwa wazazi wenyewe, baada ya swala ya Ijumaa. Wasioweza wachangiwe na mfuko wa msikiti bila kutajwa majina, na mwalimu apokee stahiki yake mkononi mwa kamati. Fedha isipite tena mkononi mwa mtoto. Daftari la kuanzia tumelileta, liko pale mlangoni kwa katibu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.