Si Kila Tumbo la Mbwa Lililovimba ni Minyoo



Miongoni mwa mbwa wadogo wanaofugwa ghorofani, aina za Yorkshire terrier na Maltese huelekea zaidi kupata maradhi ya utumbo. Mishipa ya limfu hutanuka, protini ya damu ikavujia utumboni. Mbwa huharisha kwa majuma, hukonda, kisha tumbo hujaa maji. Mfugaji hudhani ni minyoo, akarudia dawa ileile huku mnyama akidhoofika.

Dawa ya minyoo isipomponya, apelekwe kwa daktari wa mifugo apimwe kiwango cha albumini katika damu. Nyumbani asipewe chipsi, ngozi ya kuku wala mabaki ya nyama yenye mafuta, kwani mafuta huilemea mishipa hiyo. Akiwahiwa huweza kupata nafuu. Akicheleweshwa huweza kufa.