Pumzi ya Mwimbaji
(Maneno yaliyosemwa kwa wanakwaya katika siku ya maombi na mapumziko kabla ya yubile)

 

Mchungaji, wazee wa kanisa, mwenyekiti, mwalimu wetu wa kwaya na ninyi wanakwaya wapendwa, nimeombwa niseme juu ya uchovu. Ule wa kutoka mazoezini usiku miguu ikiuma, huo unakwisha ukilala. Nataka niseme juu ya ule ambao mtu analala nao na kuamka nao. Katika kazi yangu ya uuguzi nawaona wengi wakija kwa sababu nyingine kabisa: kichwa, tumbo, mgongo, usingizi kukatika saa tisa za usiku. Wanapimwa malaria, haionekani, wanarudi nyumbani na panadol.

Mwili una njia yake ya kukabili hatari. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, homoni zinamwagika katika damu. Ukifukuzwa na mbwa, hayo ndiyo yanayokuokoa, na mbwa akirudi kwao mwili nao unatulia. Lakini karo haina kwao pa kurudi. Wala mkopo wa chama, wala mzazi aliyelala kitandani mwaka wa tatu. Basi mwili unabaki macho usiku na mchana, hata mtu anakuwa mkali kwa watoto, anasahau sufuria jikoni, analia akiosha vyombo na hajui analilia nini. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu mkuu wa kazini katika orodha yake ya kimataifa. Halikuuita ugonjwa, lilisema unatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haujashughulikiwa.

Kwetu kanisani tuna jina letu: amepoa. Dada aliyekuwa akianzisha pambio, akifua sare za wengine, akichanga kila matanga, siku moja haonekani. Tunaombea imani yake irudi. Pengine imani iko palepale, kilichoisha ni nguvu.

Someni Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya ametoka kushinda pale Karmeli, na baada ya ushindi huo anakimbia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Huyo ni nabii! Malaika anamgusa, na hamkemei hata kidogo. Anampa mkate uliookwa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Lile swali la anafanya nini hapo linakuja baadaye, Horebu, baada ya safari ya siku 40. Sisi hulitanguliza swali, na mkate tunausahau.

Sasa, mtu huponaje? Polepole, na huanza na jinsi anavyojisemesha. Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka wa 2003 kwamba kujihurumia kuna mambo matatu: kujisemesha kwa upole, kukumbuka kuwa taabu ni ya wanadamu wote, na kuitazama taabu yako jinsi ilivyo, bila kuikuza wala kuificha. Wengine mtaona hayo ni kujidekeza. Lakini mwenzako wa alto akikosea noti unamwambia, "Usijali, tutarudia." Ukikosea wewe, unajiambia maneno ambayo ungeyasikia kwa mwingine ungemshtaki kwa mchungaji. Na amri ya kumpenda jirani inapimwa kwa nafsi yako mwenyewe. Jirani atapata kipimo gani?

Kuna jambo ninyi waimbaji mnalijua kuliko mimi. Noti ndefu mwishoni mwa wimbo, ile ambayo mwalimu hataki ikatike, hakuna anayeishikilia peke yake. Mmoja ananyamaza kidogo, anavuta pumzi, anaingia tena taratibu, na wenzake wameibeba. Waumini hawajui kuna aliyenyamaza. Ila tukitoka nje ya wimbo, kwenye jikoni la sherehe na kamati ya harambee, tunataka watu walewale wanne waimbe bila kupumua.

Na huzuni nayo ina nafasi kwaya. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina shukrani mwishoni, na kichwa chake kinasema ni ya wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni. Walipewa waiimbe hivyohivyo. Kwa hiyo akija mtu mazoezini na uso mzito, msimharakishe kutabasamu.

Neno moja la kazi yangu. Akiwapo kati yetu anayefikiria kujitoa uhai, mazungumzo haya hayatoshi. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maombi yafuatane naye ndani ya gari.

Mwenyekiti, orodha ya wanakwaya walioacha kuja unayo. Naomba wapigiwe simu kabla ya sherehe, na wasiulizwe watarudi lini. Waulizwe wamekula nini, na kama wanalala.

Sasa simameni. Vuteni pumzi taratibu, itoeni polepole zaidi ya mlivyoivuta, mara tano. Pumzi ndefu ya kutoka huutuliza moyo. Kisha mwalimu atatupa sauti moja. Besi waanze, na anayechoka apumue.