Nyumba ya Mama: Somo la Kutengeneza Nyumba ya Zamani kwa Msaada wa Jamaa

Leo tutazungumza juu ya nyumba. Si nyumba mpya, bali ile ya zamani, ambayo watoto wamezaliwa na kukulia ndani yake, na ambayo sasa ina nyufa na paa lake linavuja. Tuna maswali mawili ya kujibu. La kwanza: kazi ya kuitengeneza ianzie wapi? La pili: jamaa wasaidiane namna gani, hata kazi ikiisha wawe bado ni jamaa?

Mfano wetu tutauweka Nyamuswa, katika wilaya ya Bunda, mkoa wa Mara, nchi ya Waikizu. Ni nchi ya vilima, na mawe ya kujengea hayako mbali. Mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kiangazi, mavuno yamekwisha kuingia ghalani, na hiyo ndiyo miezi ya kutengeneza nyumba.

Tuseme, basi, kuna mama mjane mwenye umri wa miaka 70 na zaidi. Nyumba yake ilijengwa na marehemu mumewe miaka ya 1970, wakati watu wengi wa nchi yetu walipohamia vijijini. Kuta ni za tofali mbichi, na baadaye zilipigwa lipu ya saruji. Paa ni la bati. Ukuta wa upande unaopigwa na mvua una ufa, na chini yake tofali zimelika. Mama huyu ana watoto wanne. Mkubwa anafanya kazi Mwanza. Wa pili analima hapo hapo nyumbani. Wa tatu ni binti aliyeolewa Musoma. Wa nne ni binti pia, naye anakaa na mama yake na kumtunza.

Siku moja yule mkubwa anakuja na kusema, "Mama, nyumba hii imechoka. Tuibomoe, tukujengee ya kisasa."

Mama anamjibu, "Mwanangu, nashukuru. Na hiyo ya kisasa ikikwama kwenye msingi, mimi nitalala wapi?"

Neno la mama ni la hekima. Nani kati yetu hajaona nyumba mpya zilizosimama kwenye lenta miaka kumi, nyasi zikiota vyumbani, kwa sababu fedha ziliisha? Kabla ya kubomoa nyumba inayolalika, yafaa kwanza kuitazama vizuri. Huenda inataka kutengenezwa tu.

TAZAMA KABLA YA KUSHIKA CHEPE

Zunguka nyumba yote, nje na ndani, pamoja na mwenye nyumba, maana yeye ndiye ajuaye panapovuja na tangu lini. Chukua daftari na kalamu. Funga jiwe dogo kwenye uzi, uuninginize uzi huo kando ya ukuta. Hiyo ni timazi yako, nayo itakuonyesha kama ukuta umeinama.

Kisha zitazame nyufa. Methali husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kabisa. Lakini ukiuziba ufa bila kujua umeletwa na nini, utauziba mwaka hata mwaka. Kwa hiyo weka alama ya kalamu kwenye ncha zote mbili za ufa, uandike na tarehe. Gundisha kipande cha karatasi nyembamba juu yake, upande wa ndani. Baada ya miezi michache, ikiwa karatasi haikukatika na ufa haukuzivuka alama, ufa huo umelala. Ikiwa karatasi imekatika, ukuta bado unatembea, nawe huna budi kutafuta sababu yake chini au juu ya ukuta.

Sasa sikilizeni kwa makini. Ikiwa ukuta umeinama, au ufa ni mpana hata kidole kinaingia, hiyo si kazi ya kungoja miezi. Hamisha kitanda cha mama kutoka chumba hicho leo. Wakataze watoto kucheza karibu. Weka miti ya kuegemeza ukuta, kisha mwite fundi mwashi. Ukuta wa tofali mbichi ulioloa maji waweza kuanguka usiku mmoja bila kubisha hodi.

ADUI WA KWANZA NI MAJI

Watu wengi wakitaka kutengeneza nyumba huanza na lipu na rangi, maana hivyo ndivyo wageni wanavyoviona. Huko ni kuanza mwisho. Adui wa nyumba ya udongo ni maji, na maji hutoka juu, kisha hupiga chini. Basi nasi tuanze juu, tushuke chini.

Hebu tupige hesabu. Paa la nyumba ya mama tuseme linafunika mita 8 kwa mita 6, yaani mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya mchana mmoja wa masika, hutia lita 20 katika kila mita ya mraba. Jumla ni lita 960, au ndoo 48 za lita 20. Ndoo zote hizo humwagika chini ya kuta za mama kwa muda mfupi, na kesho yake binti yake hubeba ndoo kichwani kwenda kutafuta maji!

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni paa. Tazama misumari. Msumari wa bati upigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe usipigwe bondeni maji yanamopita, na uwe na mpira chini ya kofia yake. Mahali palipopigwa vibaya, ng'oa na kuziba. Tazama mbao: zichome kwa ncha ya kisu, kisu kikizama kama katika ndizi, mbao hiyo imeoza au imeliwa na mchwa. Tazama pia kama paa limefungwa imara kwa waya kwenye mtambaa panya, yaani ule mti ulalao juu ya ukuta, na kama mti huo nao umeshikwa na ukuta. Mvua za kwanza huja na upepo mkali, na bati lisilofungwa huondoka nao. Tena paa litokeze nje ya ukuta, futi mbili ikiwezekana, ili matone yasirukie ukutani. Ukiweza, weka mfereji wa bati kando ya paa, na pipa au tangi lenye kifuniko. Hapo adui amegeuka kuwa mtumishi.

Kazi ya pili ni ardhi. Udongo wa kuzunguka nyumba uteremke kutoka ukutani, usiteremke kuelekea ukutani. Baada ya miaka 40 ya kufagia uwanja, mara nyingi huwa kinyume. Chimba mtaro mdogo wa kupeleka maji mbali. Jenga kibaraza cha mawe kuzunguka ukuta, chenye mteremko. Ondoa kuni zilizoegemezwa ukutani, maana hiyo ndiyo njia ya mchwa. Ukiona vijia vyao vya udongo juu ya ukuta, vikwangue, urudi kutazama baada ya wiki. Vikijengwa tena, bado wamo.

KAZI YA UKUTA

Sasa tumefika kwenye ukuta. Mahali tofali zilipolika chini, zitolewe zile mbovu na kuwekwa mawe au tofali nzuri. Lakini angalia: usichimbe chini ya ukuta mzima kwa mara moja. Chimba kipande cha mita moja tu, ukijenge, kikauke. Kisha nenda kwenye kipande kingine kilicho mbali nacho. Vipande vya katikati vitafuata baadaye. Hivyo ukuta una mahali pa kusimama siku zote. Kazi hii iongozwe na fundi, hata kama vijana wa nyumbani wana nguvu.

Na ile lipu ya saruji? Wengi hudhani saruji huupa ukuta wa udongo nguvu. Lakini saruji ni ngumu, haipumui wala haicheki pamoja na udongo. Ikipata ufa mdogo, maji huingia nyuma yake na kukosa njia ya kutoka. Udongo hulainika ndani kwa ndani, na nje ukuta waonekana mzima. Gonga ukuta kwa vidole: panapolia kama ngoma, lipu imeachana na ukuta. Ibandue hapo, uuache ukuta ukauke, kisha upige lipu ya udongo.

Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa kazi hii, lakini pekee hupasuka. Changanya na mchanga. Kiasi gani? Ukuta wenyewe utakujibu. Piga viraka vitatu: cha kwanza udongo kipimo 1 na mchanga kipimo 1, cha pili mchanga vipimo 2, cha tatu mchanga vipimo 3. Viache vikauke. Kinachopasuka kina udongo mwingi mno. Kinachopukutika ukikisugua kwa kiganja kina mchanga mwingi mno. Chagua kilichobaki. Tia nyasi kavu zilizokatwakatwa, na samadi ya ng'ombe kama walivyofanya bibi zetu. Lakini mwenye jeraha mkononi asiishike samadi. Lowesha ukuta kidogo, piga mkono wa kwanza, uache ukauke, ndipo upige wa pili ulio laini.

JAMAA WANAPOKUJA

Watu wa Mara hawahitaji kufundishwa kazi ya pamoja. Wakurya huiita risaga: majirani huitwa, hufanya kazi siku moja, hupewa chakula na kinywaji, na kesho nao hualika. Lakini risaga ina taratibu zake. Siku hujulikana mapema, na kazi huwa tayari. Watu 20 wakifika na maji hayajachotwa wala udongo haujalowekwa, utawalisha watu 20 waliokaa chini ya mti.

Basi tugawe kazi. Udongo ulowekwe siku iliyotangulia. Wenye nguvu wakanyage udongo na kubeba mawe. Fundi na kijana mmoja asiyeogopa kupanda wawe juu ya paa, wengine wasipande. Wazee wachague mawe na kusimamia. Mama mwenyewe asiachwe kando kama mgeni: yeye ndiye aseme mlango ubaki wapi na jiko lake lielekee wapi. Mara nyingi watoto humtengenezea mama nyumba wanayoitaka wao.

Sasa twaja kwenye neno gumu. Yule wa Mwanza ameleta bati. Wa nyumbani ametoa mwezi mzima wa jasho. Wa Musoma ameleta unga na mifuko miwili ya saruji. Aliyebaki nyumbani amechota maji na kupika kila siku, na hakuna aliyeandika kazi yake. Mama akifa, au hata kabla, mmoja husema, "Nyumba hii ni yangu, bati ni langu." Ugomvi huo umevunja nyumba nyingi kuliko mvua.

Dawa yake ni kusema mapema. Kaeni pamoja kabla ya jiwe la kwanza, mbele ya mama na mzee mmoja wa ukoo. Andikeni katika daftari kila mchango: bati, fedha, siku za kazi, maji na mapishi. Andikeni kama ni zawadi au ni mkopo. Na ielezwe wazi kwamba nyumba ni ya mama, naye hawezi kutolewa humo na yeyote. Atakayerithi baadaye ni shauri jingine, la siku nyingine.

Wako watakaosema, "Mwanamke hana ardhi kwa mila yetu." Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ile ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mama aweza kwenda kwenye halmashauri ya kijiji chake kuuliza juu ya hati ya hakimiliki ya kimila. Afadhali aende wakati watoto wanapendana kuliko kungoja siku ya kugombana.

NENO LA MWISHO

Mwaka 1973 katika nchi yetu watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya redio ya Mtu ni Afya. Masomo yale yanakumbukwa kwa sababu watu waliinuka, wakachimba vyoo na kusafisha vijiji. Nasi twaomba somo hili lifanyiwe vivyo hivyo. Kabla ya vuli, mtembelee mzazi wako, uizunguke nyumba yake naye, ukitazama juu, kisha chini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini tusianze na lipu na rangi?
2. Pimeni paa la nyumba mliyomo. Mvua ya milimita 20 itamwaga ndoo ngapi?
3. Katika mfano wetu, ni mchango wa nani ulio rahisi kusahauliwa? Je, katika jamaa yenu ni wa nani?

Hadi hapa, wasikilizaji wapenzi, tunawaaga. Kaeni salama, na paa lisivuje.