Kusi Isitufungie Ndani

(Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Mkwiro, kisiwani Wasini, kuhusu kufanya mazoezi nje wakati wa mvua na upepo. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)

Shukran kwa kutoka majumbani na manyunyu haya. Kwa kuwa mada yenyewe ni kutoka nje wakati mwili hautaki, naona nusu ya kazi yangu mmeshaifanya.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu kaunti ni kuuliza wanaojua kisha kuwaletea wananchi majibu kwa lugha wanayoielewa.

Aprili ikiingia, nyinyi mnajua kuliko mimi yanayofuata. Kaskazi imekwisha, masika yanaanza, na mwezi wa Mei pwani yetu hupata mvua nyingi kuliko mwezi mwingine wowote. Bahari ya nje huchafuka, ngalawa hupandishwa ufuoni, na wageni wanaokwenda Kisite kutazama pomboo hupungua. Mwanamume ambaye Januari alikuwa akipiga kafi, akivuta nyavu na kusukuma chombo, sasa anakaa barazani kutwa. Lakini chakula hakipungui. Chai ya tangawizi inakwenda vikombe vitatu vyenye sukari, na mahamri kwa mbaazi huwa matamu zaidi mvua ikinyesha. Huo ni ukweli, wala sina nia ya kumnyima mtu mahamri yake.

Kwa kijana wa miaka 20, hayo hayana hasara kubwa. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye presha au kisukari, ni jambo lingine kabisa. Faida ya kuushughulisha mwili haiwekwi akiba kama samaki wa ng'onda. Ukitembea kwa bidii leo, misuli hutumia sukari iliyo kwenye damu, na nafuu hiyo hudumu siku moja, mbili, kisha huisha. Ndiyo maana wenye kisukari hushauriwa wasipitishe siku mbili mfululizo wakiwa wamekaa tu. Sasa fikiria anayekaa kuanzia Mei mpaka Agosti. Na wengi hawajijui hali zao: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja.

Tuje kwenye baridi. Najua mtu wa Limuru akisikia watu wa Mkwiro wanalalamikia baridi atacheka. Hata Julai na Agosti usiku wetu haushuki sana chini ya nyuzi 20. Lakini baridi ni ya mwili uliozoea joto, tena upepo wa kusi ukikukuta na nguo iliyolowa unatetemeka kweli. Maji huondoa joto mwilini haraka mara 25 hivi kuliko hewa kavu. Kwa hiyo adui ni nguo mbichi iliyogandamana na mwili, ukasimama nayo upepo ukikupiga. Ukiwa unatembea, mwili unajitengenezea joto lake. Ukifika nyumbani, vua, jifute, vaa kavu. Na yale ya "nitapata mafua", mafua huletwa na virusi, na virusi hupendelea chumba kilichofungwa madirisha chenye watu wanane kuliko njia ya wazi yenye upepo.

Kuna Mkenya mmoja ambaye nikisikia neno baridi humkumbuka. Philip Boit alikuwa mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa. Katikati ya miaka ya 1990 alipelekwa Finland kujifunza mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu za miguuni, mchezo ambao kwao hauchezwi. Mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki za majira ya baridi kule Nagano, Japani, mbio za kilomita 10. Akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kupokea medali mpaka Mkenya afike. Alimngoja kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na yeye mwenyewe akarudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Simwambii mtu hapa aende kwenye theluji. Ninachowaonyesha ni kwamba mtu huyo hangeweza kungoja hali ya hewa impendeze. Kule msimu wa baridi ni miezi mingi. Ukisubiri siku ambayo mwili wenyewe utasema "twende", utakaa. Nasi tunafanya hivyo hivyo na kusi. Tunachungulia mlangoni, tunaona wingu, tunasema kesho. Hamu haitangulii. Aghalabu huja dakika ya kumi, ukiwa umeshafika mbali na nyumba na damu imeanza kuchemka.

Basi afanyeje asiye na hamu? Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya jambo hili. Aligundua kwamba anayesema "nitafanya mazoezi zaidi" huishia kutofanya, lakini anayeamua kabla ya wakati ni lini, wapi, na akikwama atafanya nini, ana nafasi kubwa zaidi ya kutimiza. Nia inafungwa kwenye jambo ambalo tayari lipo. Na hapa Mkwiro jambo hilo lipo mara tano kwa siku. "Nikitoka swala ya alfajiri sirudi kitandani, nashika njia ya Wasini mpaka kukuche vizuri, kisha narudi." Au "nikimaliza alasiri, natembea kabla sijakaa barazani." Na sehemu ya pili msiiache: "ikiwa mvua ni kubwa, nitafanya ukumbini."

Vijana wa mpira wananiambia wao hufuata maji, yakitoka wanacheza ufuoni. Vizuri sana, lakini maji husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo wiki hii mnacheza jioni na wiki ijayo saa hiyo bahari imejaa. Swala haikuhangaishi hivyo. Ndiyo maana kwa mtu mzima anayetaka mazoea, napendekeza saa ya swala kuliko saa ya maji.

La pili ni mwenzako. Mtu akijua kwamba jirani amesimama kizingitini anamngoja, atatoka hata kama anaguna. Mama zangu, nyinyi kwa hili mko mbele yetu, maana hamwendi popote mkiwa peke yenu. Wale wa mashamba ya mwani na wanaokwenda kutafuta pweza bamvua likifika, kazi hiyo ni mazoezi kamili, hamhitaji kuongeza kitu juu yake siku hiyo. Mazungumzo haya yanatuhusu zaidi sisi tunaokaa: walimu, wenye maduka, manahodha wa wageni wakati hakuna wageni, na sisi wa ofisini Kwale ambao kiti ndicho chombo chetu.

Kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuongea na mwenzako lakini si kuimba. Watoto wapate saa nzima kila siku. Zamani ilisemwa kwamba chini ya dakika kumi haihesabiwi. Mwongozo wa 2020 uliondoa sharti hilo. Kwa mvua zetu za vipindi, hiyo ni habari njema. Mvua ikikatika robo saa, robo saa hiyo ni yako. Ikiendelea, kuna kuchuchumaa na kuinuka mara kumi, kuruka kamba, kupanda na kushuka ngazi ya mlangoni. Wazee wafanye kusimama kwa mguu mmoja huku mkono umeshika ukuta, kwa sababu kuanguka kwenye mawe yetu ya matumbawe yaliyoota ukungu si mchezo, na mguu uliozoea kujizuia huokoa nyonga.

Hapo nitie breki kidogo, maana kuna siku za kubaki ndani. Radi ikinguruma, usitoke, na ikikukuta njiani usijifiche chini ya mnazi. Upepo ukiwa mkali, epuka minazi hata bila radi. Kuti kavu na nazi havichagui kichwa. Mkondo wa Shimoni wakati wa kusi si mahali pa kuogelea kwa mazoezi. Mnaotoka alfajiri vaeni mikono mirefu, kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku mpaka kunapokucha, na baada ya mvua wamezidi. Na mnywe maji. Mtu akisikia baridi hasikii kiu, lakini jasho linatoka vile vile.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Mwenye dawa za presha au sukari asiziache kwa kuwa ameanza kutembea, hilo aliamue daktari. Na ukisikia kifua kinabana, au maumivu yanakwenda mkononi ama kwenye taya, au pumzi inakata kupita kawaida, simama hapo hapo, mwite mtu, na chombo kitafutwe kukuvusha Shimoni uelekezwe hospitali. Usingoje maji yatulie wala kesho. Kwa watu wa kisiwani, kila robo saa ya kusitasita inaongezwa na ya kuvuka.

Nimemaliza yangu. Wahamasishaji wa afya ya jamii wako pale karibu na mlango, na mikoba yao ina mashine ya presha na ya sukari. Kupima ni bure na hakuchukui muda. Kwa ruhusa yenu, waanze wazee, halafu mama zetu, na vijana mtakaosubiri mstari, subirini mkiwa mmesimama.