Nani Anayepanga Mstari? Rangi ya Ngozi katika Mashindano ya Uchumba ya Televisheni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana baada ya sala ya Alasiri)



Mada tuliyopewa leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Tumetakiwa tuzungumzie vipindi vya televisheni vya huko Marekani na Uingereza ambamo mtu mmoja huwekwa mbele ya wachumba wengi, naye akawapunguza wiki hadi wiki mpaka akabakia na mmoja. Kama inafaa kuvitazama ama haifai, hilo limekwisha semwa mahali hapa mara nyingi na hatuna haja ya kulirudia. Lakini vipindi hivi vinaingia majumbani mwetu kwa madishi na kwa simu, vijana wetu wanavijua kwa majina, na wanauliza swali ambalo sisi wakubwa aghalabu hatulijibu: kwa nini yule mweusi ndiye huondoka mapema?

Wako wanaosema kuwa huo ni ubaguzi wa dhahiri. Wako wanaosema kuwa ni dhana tu, na kwamba moyo wa mtu haushitakiwi. Hebu tulitazame jambo hili kwa ushahidi wake, kwani kumtuhumu mtu kwa ubaguzi ni jambo kubwa, na kuukana ubaguzi uliopo ni jambo kubwa vile vile.

Kipindi kilicho mashuhuri kuliko vyote ni The Bachelor, kilichoanza kurushwa na shirika la ABC la Marekani mwezi Machi mwaka 2002. Mwanamume mmoja ambaye hana mke aliwekwa mbele ya wanawake 25. Katika kila hatua huwagawia ua la waridi wale anaotaka wabakie, na asiyepewa hufungasha mizigo yake usiku ule ule. Mwaka 2003 kikaanzishwa kipindi pacha, The Bachelorette, ambamo mwanamke ndiye mwenye kuchagua. Naam, tangu mwaka 2002 mpaka mwaka 2017, yaani miaka 15, hapana mtu mweusi hata mmoja aliyepewa nafasi ya kuchagua katika vipindi vyote viwili. Wa kwanza alikuwa mwanamke, Rachel Lindsay, wakili wa kutoka Dallas. Kwa upande wa wanaume ilipita misimu 24 mizima kabla ya kuletwa mweusi wa kwanza, Matt James, ambaye msimu wake ulianza Januari 2021.

Mwaka 2011 mtayarishaji aliyekianzisha kipindi hicho aliulizwa sababu. Jibu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba wao wanapenda kuwa na watu wa kila asili, ila watu hao hawajitokezi. Jibu hilo ni jepesi mno. Marekani ina mamilioni ya watu weusi, wanaimba, wanaigiza, wanacheza mpira mbele ya dunia nzima, kisha tuambiwe kwamba mbele ya kamera hii moja wanaona haya!

Mwaka uliofuata, Aprili 2012, wanaume wawili weusi wa mji wa Nashville ambao walikuwa wamejitokeza walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Walidai kwamba hawakushughulikiwa sawa na waombaji weupe, na kwamba katika misimu 23 ya vipindi vile viwili hapakupata kuwa na mtu mkuu asiyekuwa mweupe. Walitegemea sheria ya zamani sana, ya mwaka 1866, iliyotungwa baada ya kufutwa utumwa, ambayo inakataza kumnyima mtu mkataba kwa sababu ya rangi yake. Oktoba mwaka huo huo hakimu aliifuta kesi. Sasa tuwe waangalifu hapa, kwa sababu uamuzi huu husimuliwa visivyo. Hakimu hakusema kwamba ubaguzi haukuwapo. Alisema kwamba uteuzi wa wahusika ni sehemu ya maudhui ya kipindi, na maudhui ya kipindi yanalindwa na katiba ya Marekani kama ulindwavyo uhuru wa kusema. Kwa maneno mengine, hata kama walalamikaji wangekuwa na haki katika madai yao, mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa. Ikabakia kwa watazamaji wenyewe kuliamua jambo hili.

Watetezi wa vipindi hivi wana hoja moja yenye nguvu, nasi hatuna budi kuipa haki yake. Wanasema: mapenzi hayalazimishwi. Kama kijana wa Kizungu hakuvutiwa na binti mweusi, mtamfanya nini? Mtampeleka gerezani? Hoja hii ni ya kweli, na sisi watu wa mwambao tuna sababu ya kuijua kuliko wengi. Mwaka 1970 kule Zanzibar wasichana wa jamii yenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na dhuluma ile ikapewa jina la kuondoa ubaguzi. Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka ubaguzi uondolewe kwa njia ile.

Lakini tazameni jinsi kipindi kinavyotengenezwa, ndipo mtaona kwamba hoja hiyo haifiki mbali. Mwenye kuchagua hakuwachagua wale 25. Waliteuliwa na watayarishaji kabla yeye hajawaona kwa macho. Kwa misimu mingi weusi waliotiwa katika kundi walikuwa mmoja, wawili, pengine watatu, na aghalabu waliondoka katika wiki za mwanzo, wakati ambapo mtazamaji bado hajajifunza hata majina yao. Kisha kuna jambo la pili, na hili ndilo zito. Yule atakayekuwa mkuu wa msimu ujao kwa kawaida huchukuliwa miongoni mwa walioshindwa msimu uliopita, wale waliofika karibu na mwisho wakapendwa na watazamaji. Basi fanyeni hesabu wenyewe. Mweusi akitolewa wiki ya pili hawezi kupendwa na watazamaji, asiyependwa hawezi kuwa mkuu, na mkuu akiwa mweupe kila mwaka huletewa wachumba wanaodhaniwa kumfaa yeye, weupe wenzake. Gurudumu linazunguka, na kila aliyelishika anaweza kuapa kwamba hakumbagua mtu.

Ushahidi wa jambo hili ni huyo Matt James mwenyewe. Yeye hakupanda kwa ngazi ile ya kawaida. Hakuwa ameonekana katika msimu wowote uliotangulia. George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, maandamano yakaenea, watazamaji wakakusanya maelfu ya saini kuitaka ABC ibadilike, na tarehe 12 Juni, hata wiki tatu hazijatimia, akatangazwa. Lililoshindikana kwa miaka 18 liliwezekana kwa siku 18. Hapa hatuoni badiliko la mioyo. Tunaona kwamba ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu siku zote.

Na kufunguliwa mlango hakukuwa mwisho wa maneno. Katika msimu wa Rachel Lindsay aliingizwa mwanamume mmoja ambaye maandishi yake ya zamani mtandaoni ya kuwadharau weusi yaligunduliwa na watazamaji. Ugomvi wake na mshindani mweusi ukaoneshwa sehemu baada ya sehemu kama kiburudisho, mbele ya mwanamke mweusi ambaye ilisemekana kwamba anatafutiwa mume. Kisha dada huyo alipomchagua mwanamume ambaye familia yake asili yake ni Colombia, wako watazamaji weusi waliomlaumu kwa kutomchagua mweusi. Maskini, aliyetangulia katika njia hubebeshwa mzigo wa watu wote. Wazungu waliomtangulia katika kiti kile walichagua kwa nafsi zao tu, hapana aliyewauliza wamewafanyia nini Wazungu wenzao.

Msimu wa Matt James ulikuwa mgumu zaidi. Zilitokea picha za mwaka 2018 za mmoja wa washindani akiwa katika sherehe ya wanafunzi ambamo wasichana walivaa mavazi ya zama za mashamba ya watumwa. Mwenyewe aliomba radhi. Lakini mtangazaji wa kipindi, Chris Harrison, aliyekuwapo tangu 2002, alihojiwa Februari 2021 na Rachel Lindsay huyo huyo, akataka binti yule ahurumiwe, na akahoji kama jambo hilo lilionekana baya mwaka 2018 kama lilivyoonekana 2021. Kana kwamba utumwa ulianza kuwa mbaya juzi! Alijiweka kando, na Juni mwaka huo akaondoka moja kwa moja. Nani aliyeadhibiwa na umma? Harrison alipoteza kazi, ni kweli. Lakini Lindsay, ambaye aliuliza maswali tu, alitukanwa kiasi cha kufunga kwa muda ukurasa wake wa Instagram.

Msimu huo huo baba yake Matt, ambaye ni Mnigeria na hakumlea, aliletwa mbele ya kamera, na mazungumzo yao ya uchungu yakarushwa. Wengi waliona kwamba kati ya yote yaliyomo katika maisha ya mtu mweusi, watayarishaji walikwenda moja kwa moja kwenye lile ambalo watazamaji weupe wamezoea kuambiwa: baba mweusi aliyetoroka. Matt mwenyewe baadaye alionesha kutoridhika. Hapa ndipo penye kufundisha, kwani hakuna uongo uliosemwa. Baba ni wa kweli na uchungu ni wa kweli. Mkono uliochagua nini kioneshwe ndio uliosema.

Huko Uingereza katika Love Island mambo ni ya namna hiyo hiyo, ila mstari ule huonekana kwa macho. Siku ya kwanza vijana husimamishwa, wachaguane kwa sura peke yake, na kwa miaka mingi watazamaji wamekuwa wakilalamika kwamba wasichana weusi ndio hubakia wamesimama mwishoni. Mwaka 2024 ndipo weusi wawili, Mimii Ngulube na Josh Oyinsan, walipokuwa wapenzi weusi wa kwanza kushinda. Kwa hiyo mambo yanabadilika, na si haki kusema kwamba hayabadiliki.

Ndugu zetu, tukiishia hapa tutakuwa tumewasema watu wa mbali, jambo ambalo halitugharimu kitu. Vijana waliouliza swali hili hawakuuliza kwa ajili ya Wamarekani. Posa inapoletwa katika nyumba zetu, nani hupanga mstari? Si kijana wala si binti. Ni shangazi anayesema huyu ni mweusi mno kwa mtoto wetu, ni mjomba anayeuliza babu yake mchumba alikuwa nani na aliletwa pwani kwa jahazi gani. Jina la muombaji huondolewa kimya kimya kabla halijamfikia mwenyewe, kisha tunasema kwamba hapakupatikana anayefaa, hawajitokezi. Nao mabinti, wakishaelewa mizani hiyo, hununua mkorogo wakajichubua ngozi, nasi huwakemea wao badala ya kuikemea mizani.

Kisa cha Julaybib, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, mnakijua. Hakuwa na sura wala nasaba ya kutajwa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamposea binti wa Kiansari. Tunapokisimulia huwa tunapita haraka juu ya jambo moja: waliositasita walikuwa wazazi. Binti alikubali. Lau wazazi wale wangelikuwa na uwezo wa kulificha jina la Julaybib lisimfikie, tungelisema leo kwamba binti hakuvutiwa naye.

Kwa hiyo kijana akituuliza kwa nini mweusi huondoka mapema katika vipindi vile, tumjibu kwamba wakati mwingine ni moyo wa mtu, na hilo hatuna hukumu juu yake, lakini mara nyingi zaidi ni hesabu iliyofanywa kabla ya yeye kuingia. Na akituuliza swali la pili, la kwetu, tuwe tayari nalo pia.

Tunakomea hapa ili tupate nafasi ya maswali kabla ya Magharibi. Tungependa mabinti waanze, na wazee wavumilie kuwasikiliza mpaka wamalize.

Wabillahi tawfiq.