Dawa ya Presha Inayotaka Uinuke Polepole

(Haya ni mazungumzo ya wahudumu wetu wa afya katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa kwa sababu vikundi kadhaa viliomba nakala ya kuwasomea wanachama ambao hawakufika.)

Mwenyekiti ametuomba tuzungumze juu ya presha, yaani shinikizo la damu. Kila mara tukiitwa kwa jambo hili huwa tunasema habari za chumvi, mafuta na kutembea kwa miguu. Hayo bado ni ya kweli. Lakini leo tutayaweka kando, tuzungumze juu ya vidonge vyenyewe, tena aina moja tu ya vidonge, kwa sababu ya jambo lililotupata hapa kwetu.

Mzee aliyeanguka uani

Mzee mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alikuwa na shida mbili. Presha yake ilikuwa juu, na mkojo pia ulimsumbua. Usiku alikuwa akiamka mara nne au tano, na akifika chooni mkojo unatoka kidogo kidogo. Kwa ajili ya presha alikuwa akienda kliniki moja, na huko walikuwa wamemwongezea kidonge kipya juu ya zile dawa alizozoea. Kwa ajili ya mkojo alikwenda kwa daktari mwingine mjini. Huyo wa mjini hakuonyeshwa kadi ya presha, naye akampa dawa yake.

Mzee akarudi nyumbani. Saa mbili usiku akala, akameza vidonge vyote viwili, akalala. Saa saba usiku mkojo ukamwamsha. Akainuka kwa haraka kwenda choo cha nje. Hakufika. Mkewe alimkuta amelala uani, amepasuka kipaji cha uso na mkono umevunjika.

Watu wakasema mengi. Wengine walisema amerogwa. Wengine wakasema, "Mnaona? Dawa za hospitali ni sumu." Sisi tulipokwenda kumwona tuliomba tuonyeshwe pakiti. Vidonge vile viwili vilikuwa na majina tofauti na rangi tofauti, lakini ni ndugu wa baba mmoja. Mzee alikuwa amemeza dawa ya ukoo mmoja mara mbili bila kujua.

Na sisi pia tuna kosa letu, tuliseme mbele yenu. Tulikuwa tukimtembelea kila mwezi kumpima presha, lakini hata siku moja hatukumwuliza, "Mzee, unameza nini kingine?" Naye aliona haya kutaja habari za mkojo mbele ya sisi tulio kama binti zake. Haya yake na uzembe wetu vilikutana usiku ule.

Dawa hizi ni zipi?

Madaktari huziita vizuizi vya alfa. Zile zinazotumika kwa presha ni prazosini, doksazosini na terazosini. Ndugu zao, tamsulosini na alfuzosini, hutolewa kwa wanaume waliovimba tezi dume, ili wakojoe vizuri, wala si kwa presha. Doksazosini na terazosini hutumika kwa shida zote mbili.

Je, utakumbukaje majina hayo yote? Si lazima. Tazama pakiti. Chini ya jina kubwa la kibiashara kuna jina la dawa yenyewe. Likiishia na herufi o-s-i-n, muulize mwuguzi au mtu wa duka la dawa, "Hii ni ya ukoo ule wa kushusha presha ukisimama?" Kama huwezi kusoma, mpe mtoto wa shule akusomee.

Zinafanyaje kazi? Ukuta wa mshipa wa damu una misuli midogo. Mwili hutuma ujumbe kwa misuli hiyo ijikaze, na mshipa ukijikaza presha hupanda, kama vile ukiminya mpira wa kumwagilia bustani. Dawa hii huzuia ujumbe usipokelewe. Misuli inalegea, mshipa unapanuka, presha inashuka. Misuli ya namna hiyo iko pia kwenye tezi dume na kwenye shingo ya kibofu, na ndiyo maana dawa hiyo hiyo humfungulia mzee mkojo.

Basi hatari inatoka wapi? Ukisimama, damu huteremka miguuni. Kwa kawaida mishipa hujikaza upesi ili damu ifike kichwani. Lakini kwa aliyemeza dawa hii mishipa huchelewa kujikaza. Kichwa kinakosa damu kwa sekunde chache, macho yanaona giza, na mtu anaanguka. Jambo hili hutokea zaidi na kidonge cha kwanza. Kwa prazosini mara nyingi ni kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kumeza. Kwa doksazosini ni kati ya saa mbili na saa sita. Sasa hesabuni wenyewe: mzee wetu alimeza saa mbili usiku, akainuka saa saba.

Mambo ya kushika

La kwanza, anza na kidogo, tena anza usiku. Daktari huanza na kiasi kidogo sana, kwa kawaida miligramu 1 ya doksazosini au terazosini, kisha hupandisha polepole. Usijipandishie mwenyewe. Kidonge cha kwanza kimeze ukiwa tayari kitandani. Weka tochi karibu, na kopo au ndoo ya kukojolea chumbani. Hakuna aibu hapo. Na siku kiasi kikiongezwa, fanya vivyo hivyo kama siku ya kwanza.

La pili, inuka kwa hatua tatu. Usiruke kutoka kitandani hata kama mgeni anabisha. Kaa kitako kitandani. Teremsha miguu, subiri dakika moja au mbili, uchezeshe vifundo vya miguu. Ndipo usimame ukishika kitu. Ukiona kizunguzungu, kaa au lala papo hapo, hata kama ni kwenye majani. Afadhali nguo zichafuke kuliko mfupa uvunjike.

La tatu, usikatize-katize. Tunajua wengi hununua vidonge vichache vichache kwa sababu ya pesa. Lakini ukikaa siku kadhaa bila dawa, mwili unasahau. Ukirudia kile kiasi kikubwa ulichoacha, ni kama kumeza kidonge cha kwanza tena, na unaweza kuanguka. Rudi kliniki kwanza, huenda wakakuanzisha upya na kiasi kidogo. Ukisahau mara moja tu, meza ukikumbuka siku hiyo. Kama muda wa kidonge kingine umekaribia, ngoja huo. Usimeze viwili pamoja kulipia deni.

La nne, sema kila unachomeza. Dawa nyingine za presha zikichanganywa na hii hushusha zaidi. Daktari anaweza kuzitoa pamoja kwa makusudi, lakini ni lazima ajue. Dawa za kuongeza nguvu za kiume, kama Viagra, zikikutana na hii presha inaweza kuporomoka. Wazee, msinunue hizo kwa siri dukani. Pombe nayo, iwe ya chupa, busaa au chang'aa, huongeza kizunguzungu. Vilevile ukiharisha sana, au ukilima juani bila kunywa maji, presha huteremka zaidi.

La tano, kama utapasuliwa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho mapema kwamba unatumia dawa hii, au kwamba uliwahi kuitumia hata kama uliacha. Hulegeza misuli ya mboni na kufanya upasuaji uwe mgumu. Akijua mapema hujitayarisha.

Maswali mliyouliza

Mama mmoja ameuliza kama pua kuziba, kichwa kuuma na miguu kuvimba ni dalili kwamba dawa inamdhuru. Pua kuziba, kuumwa kichwa kidogo na kuchoka huwapata watu wengi, na mara nyingi hupungua baada ya muda. Miguu kuvimba mwambie mwuguzi. Lakini ukikosa pumzi, hasa ukilala, au ukisikia maumivu ya kifua, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna akina mama ambao dawa hii huwafanya mkojo utoke wenyewe wakikohoa au wakicheka. Msivumilie kimya, dawa inaweza kubadilishwa. Na mwanamume ambaye uume umesimama zaidi ya saa nne bila kulala aende hospitali mara moja. Ni jambo la nadra, lakini likicheleweshwa huharibu.

Mzee mwingine ameuliza, "Tumesikia dawa hii ni mbaya kwa moyo. Kweli?" Iko sababu ya maneno hayo. Kulikuwa na utafiti mkubwa Marekani na Kanada uliohusu watu zaidi ya 40,000 wenye presha. Sehemu ya doksazosini ilisimamishwa mwaka 2000, kwa sababu waliokuwa wakiitumia walipata moyo kushindwa kusukuma damu karibu mara mbili ya wale waliopewa dawa ya kukojosha maji. Tangu hapo, kwa kawaida madaktari hawaanzi na dawa hii. Huanza na nyingine, kama amlodipini, enalaprili au dawa za kukojosha maji, na hii huongezwa kama hizo hazikutosha, au kama mgonjwa ana shida ya tezi dume pia. Kwa hiyo kama unameza hii peke yake kwa presha, una haki ya kumwuliza daktari sababu. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Usiitupe dawa njiani ukirudi nyumbani! Presha isiyotibiwa ndiyo inayoleta kiharusi.

Kijana wa bodaboda ameuliza kama anaweza kuendesha. Kwa siku ya kwanza, na kila kiasi kinapoongezwa, asiendeshe, asipande mti, asishike msumeno wala asiingie kisimani, mpaka ajue mwili wake unaipokeaje. Siku moja ya kukosa abiria si hasara kubwa.

Mtu akianguka, je? Msimwinue kwa haraka, msimwagie maji wala kumpa kitu mdomoni. Mlazeni chali, inueni miguu yake, mfungulieni nguo zinazobana. Wengi huzinduka upesi. Asipozinduka mara moja, au akigonga kichwa, au mdomo ukienda upande na mkono ukikosa nguvu, mtafutieni gari la kwenda hospitali.

Kazi ya vikundi

Sasa tunawaachia kazi tatu. Kwanza, kila mwanachama mwenye presha awe na mfuko mmoja wa dawa: vidonge vyote, hata vya mitishamba, na kadi zote, ndani ya mfuko mmoja, na auchukue kwenda kila kliniki. Kama mzee wetu angekuwa na mfuko huo siku ile mjini, pengine angekuwa hapa na mikono miwili mizima.

Pili, wahudumu wa afya ya jamii waliogawiwa mikoba ya vifaa na serikali tangu mwaka 2023 wana mashine ya presha. Mtu anayetumia dawa hii apimwe mara mbili, akiwa ameketi, kisha baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Kama namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, arudi kwa daktari. Sisi tumeanza kufanya hivyo, mkituona tumesahau mtukumbushe.

Tatu, katika ule mfuko wenu wa ustawi, tengeni kidogo kwa ajili ya mwanachama aliyeishiwa dawa kabla ya mwisho wa mwezi. Mnachangia jeneza bila kuulizwa. Vidonge vya wiki moja ni pesa kidogo kuliko hizo.

Mzee wetu anaendelea vizuri. Mkono umeunga, ingawa jembe bado linamshinda. Madaktari wake wawili sasa wanajuana, na anameza kidonge kimoja cha ukoo ule badala ya viwili. Kando ya kitanda ana tochi na ndoo. Ametupa ruhusa tuwaeleze habari zake, ila jina tu ndilo alilotunyima. Alituambia, "Waambieni wenzangu wasione haya kama mimi."

Sasa simameni, lakini polepole.